Mativo Aliyesoma Kisu Changu

Mwisho wa mwezi huu Mativo anarudi kwao Kangundo, na safari hii harudi tena. Gurudumu lake la kunolea amelipaka grisi, amelifunga kwa gunia. Wenye mabucha wa Soko la Burma wanalalamika kama watoto walioachishwa ziwa, utadhani Nairobi nzima hakuna mwingine ajuaye kunoa kisu. Wapo, tena wengi. Lakini mtu wa kusoma kisu ni mmoja, na mimi Lydiah Wakiuru, Mama Johnson wa Kaloleni, nina deni la kuandika habari zake kabla hajapanda basi. Watu wa mtaa huu ni hodari wa kusengenya na wavivu wa kushukuru. Mimi mwenyewe nimekuwa mstari wa mbele.

Mtu akipita Burma hawezi kumkosa. Ni Mkamba mfupi, kofia ya sufu kichwani hata jua liwake namna gani, ameketi langoni tangu kabla ya Uhuru. Fremu ya baiskeli ameigeuza miguu juu, anapiga pedali, jiwe linazunguka, cheche zinaruka. Asubuhi ananoa visu vya mabucha. Alasiri anatia kinoo mfukoni na kupita Kaloleni mlango kwa mlango akinoa vya jikoni. Mke hana, mtoto hana. Akiulizwa anasema alioa gurudumu, na halijawahi kumjibu vibaya hata siku moja.

Kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto ni kifupi. Hicho ndicho chanzo cha haya yote. Mwaka wa sitini na tisa jiwe lilipasuka likamkata, akalazwa siku kumi na moja katika hospitali moja ya hapa mjini. Kitanda cha pili alilala karani wa ofisi, mgonjwa wa tumbo. Wakaruhusiwa siku moja. Karani alionyesha kadi, akatia sahihi, akavaa koti, akaenda zake. Mativo alitia sahihi, kisha akatumwa alete kitu cha kuweka rehani. Alileta gurudumu. Miezi minne alinoa visu kwa mkono, kwenye kinoo, kidole kikiwa na bandeji.

"Yule alikuwa na bima," husema. "Mimi nilikuwa na gurudumu."

Bima hiyo ya hospitali ya serikali, siku zile, ilikuwa ya wenye mshahara wa maana. Ukifika shilingi elfu kwa mwezi unakatwa, unaandikwa. Ndung'u, mume wangu, alifagia barabara za kaunsili ya jiji, na elfu hiyo aliisikia tu kwenye mazungumzo ya watu. Mimi nauza uji kwa watu wa mabucha. Mwajiri wangu ni sufuria. Watu wa namna yetu tulishauriwa tuombe Mungu afya.

Basi mwaka wa sabini na mbili, asubuhi moja nikiwa namimina uji, redio ya Dirie ilisema jambo. Dirie ni Msomali mwenye bucha ya tatu kutoka langoni, mtu mpole mwenye sauti ya kugombana. Redio ilisema kuna mswada unaopelekwa Bungeni, kwamba watu wasio na mwajiri, na wenye mishahara midogo, waruhusiwe kujiunga na bima ile kwa hiari yao, kila mmoja na mke na watoto wake.

Nilisikia kitu cha ajabu. Nilisikia kimya. Mativo alikuwa amesimamisha gurudumu.

"Dirie, ongeza sauti."

"Imeshapita, mzee. Sasa ni habari za mpira."

"Wamesema wasio na mwajiri?"

"Wamesema."

"Hata mnoa visu?"

"Hawakukutaja kwa jina," Dirie akamwambia, "lakini nadhani walikuwa na wewe akilini."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nami nieleze kwa nini.

Dada yangu Njoki alifariki akaniachia binti, Waruguru. Alizaliwa na mguu wa kushoto umepindia ndani, wayo ukitazama wa pili, akawa anakanyagia ubavu wa mguu. Nilimpeleka hospitali ya misheni, daktari mzee akaushika ule mguu kama mtu anayeshika yai, akaniambia unanyooka. Unapasuliwa, unafungwa plasta, mtoto analala pale wodini wiki nyingi. "Lakini asipite miaka kumi, mama. Mfupa ukikomaa, hata mimi sitausogeza." Aliponiambia gharama ya kitanda nilimshukuru, nikambeba mtoto mgongoni, nikarudi nyumbani. Waruguru alikuwa na miaka minane. Kwa hiyo redio iliposema mswada, mimi nilisikia mguu.

Pale ukumbi wa Kaloleni tulikuwa na bibi wa maendeleo ya jamii, Madam Annah, msichana wa kalamu mbili mfukoni na viatu visivyochoka. Alisema Mbunge wetu yuko tayari kusimama na kuusemea huo mswada, lakini asisimame mikono mitupu. Anataka orodha: watu wa mitaa hii wasio na bima ni kina nani, wana watoto wangapi. Na siku fomu zikija, akasema, yeye atazijaza kutoka kwenye orodha hiyohiyo. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Alifika kwangu Jumanne. Namba ya nyumba? Nikamwambia. Jina? Kazi? Nikamwambia. Idadi ya watoto?

"Wawili," nikasema.

Alikuwa ameketi kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu, na hatua mbili kutoka mgongoni pake, nyuma ya pazia la nguo, Waruguru alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameziba mdomo kwa kiganja.

Usinihukumu kabla hujaishi nyumba ya Kanjo. Kanjo ndio kaunsili ya jiji, na ile karatasi yao ya nyumba ilisema Ndung'u, mke, na watoto wawili. Askari wao walikuja bila hodi kuhesabu vitanda, na waliokutwa wamejazana waliandikiwa notisi. Kila nyumba Kaloleni ilikuwa na mtu wa nyuma ya pazia. Waruguru, kwa sababu hakuwa mwepesi, tulimfundisha mapema: ukisikia buti, usingoje kuambiwa. Na kuna jambo lingine, ambalo nalisema ingawa vijana watacheka. Kwetu watoto hawahesabiwi. Mama yangu alizaa tisa, na hakuna siku aliyosema tisa. Ukimuuliza wangapi, alijibu, "Hao unaowaona." Kuhesabu ni kuita jicho baya. Sasa anakuja mtu na kalamu, anataka namba ya nyumba na hesabu ya watoto kwa pumzi moja. Ulimi wenyewe ulisema wawili, kama mguu unavyoruka dimbwi.

Wiki mbili baadaye tuliitwa ukumbini. Madam Annah alisimama mbele na orodha mkononi, uso hauna hata tabasamu la adabu.

"Orodha imerudishwa," alisema. "Msaidizi wa Mbunge ameniuliza swali, na mimi nawauliza ninyi. Watu wazima mia moja na kumi na wawili. Watoto thelathini na mmoja. Ameniuliza kama Kaloleni ni mtaa au ni seminari ya mapadri."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Ulipotulia, aliendelea.

"Amesema watu wenye watoto wachache hivi hawana shida ya kusemewa Bungeni. Mswada unajadiliwa baada ya wiki tatu. Orodha ikibaki hivi, Mbunge anakaa kimya. Na asiyeandikwa humu, fomu zikija, mimi nitamtoa wapi?"

Kila mtu akamtazama jirani yake kana kwamba jirani ndiye aliyeharibu. Mimi nikatazama dari. Nilirudi nyumbani nikapika, nikampakulia Waruguru chakula, na sikumtazama mguu.

Kesho yake alasiri Mativo akabisha mlango na kinoo chake. Nikampa kisu cha jikoni ili aondoke upesi. Akaketi kizingitini, akakigeuza mwangani, akakipitishia kile kidole kifupi kuanzia mpini hadi ncha.

"Mama Johnson, kwenye ile orodha iliyorudishwa waliandikwa watoto wako wangapi?"

"Wewe noa. Mambo ya watoto utayajulia wapi, hata nepi hujui inafungwa mbele au nyuma."

"Kweli," akasema, bila kukasirika. "Visu najua lakini. Nyumba ya watu wanne kisu huliwa nchani, kwa sababu ni cha kitunguu na nyanya. Hiki kimeliwa tumbo, hapa katikati. Tumbo la kisu huliwa na mboga ya sukuma, tena sukuma nyingi."

"Ndung'u anapenda sukuma."

"Na makali yamelalia upande mmoja." Akaniinulia kisu nikione. "Mtu mzima anakata amesimama mezani, makali yanabaki wima. Humu ndani kuna mtu anayekata akiwa chini sakafuni, sufuria katikati ya magoti, anakivutia kifuani. Tena si wa leo. Huyu ana mwaka mzima na kisu hiki."

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimtukane vizuri, pazia likasogea.

"Ni mimi," Waruguru akasema. "Mimi ndiye nakata sukuma. Nikisimama sana mguu unauma."

Mativo alimtazama mtoto, akautazama mguu, kisha akarudisha macho kwenye kisu, akaanza kunoa polepole.

"Haya, nenda ukaniripoti kwa Kanjo," nikamwambia mwishowe.

"Nikuripoti? Mimi chumbani mwangu Shauri Moyo nimelaza wajomba watatu. Mmoja analala chini ya kitanda. Nitaanza na kesi ya nani?" Akapuliza vumbi la chuma. "Nimenoa visu vya mtaa huu wote miaka mingi, mama. Hakuna hata kimoja cha watoto wawili. Niambie tu kwa nini."

Nikamwambia. Namba ya nyumba, buti za Kanjo, mama yangu na tisa wake. Aliendelea kunoa mpaka kisu kikaanza kulia sauti nyembamba ya kisu kilichokamilika.

"Basi kosa si lenu," akasema. "Kosa ni la swali."

Akanirudishia kisu, akakataa malipo, akainuka kwenda ukumbini. Nilimfuata nikiwa na aproni, maana nilijua Mativo akizungumza na msichana wa kalamu mbili wataelewana kama kuku na bata. Nilikosea. Alizungumza kama mtu aliyefikiri miaka mitatu, na nadhani ndivyo alivyokuwa.

"Madam, mswada unasema mtu ajiunge na nyumba yake, au ajiunge yeye mwenyewe na watoto wake?"

"Yeye na watoto wake."

"Kwa hiyo namba ya nyumba ni ya nini?"

Madam Annah akaitazama fomu yake. "Ilikuwa kwenye karatasi ya zamani," akasema taratibu. "Niliinakili."

"Iondoe. Andika mahali mtu anapofanya kazi. Mimi niandike langoni Burma. Huyu mwandike sufuria ya uji, Burma. Kanjo hawezi kumfukuza mtu kwenye sufuria. Na usiulize wangapi. Watu wa hapa hawahesabu watoto, lakini kila mtoto ana jina na anapenda kulisema. Waache waje waseme wenyewe."

"Nitawapata wapi wote?"

"Jumamosi niachie mimi."

Jumamosi Mativo alitangaza kwamba ananoa visu vya jikoni bure. Kama unadhani mwanamke wa Kaloleni ataacha kitu cha bure, wewe ni mgeni. Kuanzia saa mbili mstari ulitoka langoni ukapita mabucha yote: mama na kisu mkono wa kulia, watoto wameshika gauni upande wa kushoto. Madam Annah aliketi kwenye kreti kando ya gurudumu. Kisu kinapozunguka, mtoto anasema jina lake, kalamu inaandika. Hakuna aliyehesabu. Hakuna aliyeulizwa analala wapi. Watoto waliokuwa wamefichwa miaka mingi walitangaza majina yao kwa sauti ya kuita garimoshi, mmoja akarudi mara tatu kulisema tena kwa utamu.

Mchana askari wawili wa Kanjo walitokea upande wa barabara kuuliza mkutano huu una kibali cha nani. Wakaona wanawake zaidi ya mia wamepanga mstari, kila mmoja na kisu kilichonolewa dakika hiyo. Yule mkubwa akavuta mwenzake mkono.

"Wananoa visu tu," akasema. Wakaenda zao.

Dirie alikuja na kisu chake cha bucha, akasema jina lake, akataka kuondoka. Nyuma yake sauti ikapaa. Ilikuwa ya Falis, mke wake, akimwita kwa Kisomali.

"Warya, Dirie! Mara ya kwanza uliandikisha watoto wangapi?"

"Sikumbuki."

"Madam, nisomee."

Madam Annah akafunua karatasi ya zamani. "Hapa pameandikwa hakuna."

"Hakuna!" Falis akageuka na kuonyesha msafara wake. "Hawa sita nimewanunua sokoni?"

"Nilidhani ni mambo ya kodi," Dirie akasema kwa ile sauti yake ya kugombana, ila safari hii ndogo kabisa.

"Haya semeni majina, watoto wa hakuna," Falis akawaambia, na soko zima likashika mbavu.

Zamu yangu ilipofika, Johnson na mdogo wake walisema majina yao. Waruguru alikuwa nyuma yangu, mgongo ukutani, anatafuta pazia mahali ambapo hapana pazia. Mativo alisimamisha gurudumu.

"Na yule mkata sukuma?"

Akaja kwa kile kimwendo chake, mbele ya watu wote. "Waruguru," akasema.

"Mtoto wa nani?" Madam Annah akauliza.

Mtoto akanitazama. Nikajibu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Wangu. Marehemu dada yangu alimzaa, mimi namlea. Andika wangu."

"Unayemlea ni wako," Madam Annah akasema, akaandika.

Orodha ya pili Madam Annah aliihesabu peke yake, amejifungia ofisini ukumbini, kwa heshima ya mama yangu. Sijawahi kumuuliza ilifika ngapi. Najua tu kwamba Mbunge aliichukua, na hakuna aliyeuliza tena habari za seminari. Mswada ulipopita tulisikia kwa redio ileile ya Dirie. Mativo alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vema," akaendelea na kisu cha mtu.

Sitasema kila kitu kikawa asali. Kujiunga kwa hiari maana yake ni kulipa kila mwezi bila kukumbushwa, na wapo waliochoka wakaacha, kisha wakalaumu serikali. Mimi sikuacha. Ndung'u aliacha sigara, nami nikamsifu hadharani ili asiweze kurudia. Kadi ilipokuja ilikuwa na jina langu, na chini yake majina matatu. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka ndani ya Biblia.

Mwaka uliofuata Waruguru alilazwa hospitali ya misheni, miezi mitatu kabla ya kutimiza kumi. Daktari yuleyule mzee aliupasua mguu na kuufunga plasta mpaka gotini, na mtoto akakaa pale wiki tisa, akajifunza nyimbo zote za masista na kunenepa. Siku ya kumtoa, karani alinisogezea karatasi. Nikatia sahihi. Nikabaki nimesimama.

"Unangoja nini, mama?"

"Nangoja uniambie nitaacha nini."

"Acha kitanda," akasema. "Kuna mgonjwa mwingine anakihitaji."

Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi na kulia, mimi ambaye hata mazishini watu hunitegemea kugawa chai. Waruguru alinipigapiga begani akidhani naumwa.

Leo Waruguru anafundisha watoto wa nasari huko Buruburu, na huenda na kurudi kwa miguu kwa sababu anapenda tu. Lakini ninayoikumbuka mimi ni alasiri moja mwisho wa mwaka ule wa sabini na tatu. Nilikuwa langoni Burma naosha vikombe, naye akaja kutoka Kaloleni peke yake, nyayo mbili ardhini, amebeba kisu cha jikoni kimefungwa kwenye gazeti. Akampa Mativo.

Mativo alikigeuza mwangani. Akakipitishia kidole kifupi kuanzia mpini hadi ncha, akarudia, hana haraka. Kisha akanitazama mimi, si mtoto.

"Makali yamesimama wima," akasema. "Huyu sasa anakata mezani."

Nilitaka kumwambia asante. Nikachukua kisu, nikakitazama, nikamwambia, "Na hapa karibu na mpini pamebaki butu. Unazeeka."

Akacheka, akakinoa tena hapo palipokuwa pakali tayari.

Miaka imepita mingi na lile neno sijalisema bado. Basi nimeliandika. Asante, Mativo. Kesho Waruguru atakuletea ukurasa huu pamoja na kile kisu. Kimebaki chembamba kama jani, lakini ukisome mara moja ya mwisho kabla hujaondoka.